Kitufe cha Bi Rukia

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Al Twar, hapa Dubai, katika nyumba ambayo nilidhani sitaikanyaga tena. Aliyekuwa anaolewa ni binti wa Asya, niliyemwacha akiwa mtoto wa kubebwa, na Asya mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. "Wakesho, usiniletee habari za zamu," aliniambia. "Njoo. Mama angependa uwepo." Neno hilo la mwisho nusura nilipinge, kwa sababu kujua alichopenda mama yake ndiyo kazi iliyotushinda sote katika nyumba ile. Lakini nilikwenda. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikajitanda mtandio mabegani, na kwa mazoea nikaingia kwa mlango wa nyuma, wa jikoni, ingawa safari hii nilikuwa mgeni. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, udi unafuka, na mtu nisiyemjua akanielekeza nikaweke mkoba wangu kwenye chumba cha chini. Siku hizi chumba hicho wanaweka viti vya plastiki na mashine ya mazoezi ambayo hakuna anayeipanda. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu mkononi, nikaona kwa kumbukumbu kila kitu mahali pake pa zamani: kitanda cha hospitali kando ya dirisha, mashine ya kupumulia kwenye kijimeza, stuli yangu, na ile meza ya magurudumu iliyobeba laptopu ya Bi Rukia.

Nilifika katika chumba hicho nikiwa sijatimiza miaka thelathini, nimeletwa na wakala kumwangalia mgonjwa. Niliambiwa ni bibi wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana, mwalimu mstaafu, na kwamba hasemi. Sikuambiwa zaidi. Alikuwa na ule ugonjwa unaoua misuli mmoja baada ya mwingine na kuiacha akili nzima. Miguu ilikuwa imekwenda, mikono imekwenda, ulimi umekwenda. Kilichobaki ni macho, na kidole gumba cha mkono wa kulia. Mwanawe wa kiume, Said, aliyekuwa anafanya kazi Maskati, alikuwa amemletea laptopu yenye programu ya kuandikia. Herufi zilikaa kwenye kioo kwa mistari, na kila mstari uliwaka kwa zamu. Mstari wake ukifika, Bi Rukia alibonyeza kitufe chekundu kilichofungwa chini ya kidole chake. Kisha herufi za mstari huo zikawaka moja moja, akabonyeza tena. Kitufe kilikuwa na waya uliochomekwa kwenye tundu la USB. Kwa njia hiyo aliandika neno, na neno likageuka sentensi, na aliyekaa naye alilazimika kusubiri.

Siku yangu ya kwanza nilimwita madam, kama tulivyofundishwa. Kioo kikaanza kuwaka. Nilidhani anataka maji. Baada ya muda mrefu nikasoma: NIITE BI RUKIA. MADAM NI WA DUKANI. Nilicheka, na nilipomtazama macho yake yalikuwa yanacheka pia. Lakini siku hiyo hiyo nilijifunza sheria yake. Alianza kuandika M, K, A, T, nami kwa haraka ya kutaka kusaidia nikasema, "Mkate, Bi Rukia?" Akafuta herufi zote. Akaanza upya. M. K. A. T. E. Mpaka akamaliza. Asya, binti yake, aliyekuwa anakunja nguo kwenye kochi, alisema bila kuinua kichwa, "Usimmalizie. Hata ukipatia atafuta. Shuleni alikuwa hivyo hivyo, mtoto akimkata mwenziwe maneno anatolewa nje." Kumbe alitaka mkate wa ufuta. Hakuwa anaweza kumeza tena, chakula chake kilipita kwenye mpira wa tumboni, lakini Asya alipochoma mkate wa ufuta nilikuwa naleta kipande cha moto, nakivunja karibu na pua yake, na mvuke wake unamwendea. Alifumba macho. Kisha nilikula mimi kile kipande, mbele yake, kwa sababu ndivyo alivyoagiza: KULA WEWE. NISIONE KINATUPWA.

Watu waliokuja kumwona walizungumza juu yake kama watu wanavyozungumza juu ya kabati. Nakumbuka wanawake wawili wa ukoo, wameketi miguuni pake na vikombe vya chai ya maziwa, mmoja anamwambia mwenzake, "Masikini, bora Mwenyezi Mungu angemchukua tu, haya ni mateso." Mwenzake akajibu, "Hasikii, shoga yangu, sema tu." Kioo kilikuwa kinawaka muda wote huo, hawakukitazama. Mimi nilikitazama. Kiliandika NASIKIA. Sikujua nifanye nini, nikageuza meza ya magurudumu ikawaelekea. Mmoja akaweka kikombe chini, akasema ana miadi. Walipoondoka Bi Rukia aliandika tena: SUKARI WAMEMALIZA? Siku kama hiyo niliweza kusahau kwamba nilikuwa nimekaa na mtu anayeondoka.

Tabu ya umeme ilianza na joto. Mwanzoni nilidhani ni mimi niliyegusa kitu vibaya. Alikuwa anaandika, na ghafla kikatokea kisanduku kwenye pembe ya kioo kikisema kwamba kifaa cha USB kinahitaji umeme zaidi ya uwezo wa tundu, na herufi zikasimama. Kidole chake kilibonyeza, kikabonyeza, hakuna kilichosogea. Macho yake yalinitafuta. Nilichomoa waya, nikauchomeka tena, hakuna kitu. Nilizima mashine, nikawasha. Ilipoamka, neno la kwanza aliloandika lilikuwa NIMEKATIKA. Hakuandika kwamba mashine imekatika. Nilibaki na neno hilo kichwani siku nzima, wakati namgeuza, wakati namsafisha, wakati namsomea magazeti.

Laptopu ile ilikuwa na matundu mawili tu, na moja lilikuwa limeshakufa kabla sijafika. Kwenye lile lililobaki Said alikuwa ameweka kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa manne, mafundi wanakiita habu, na kila mtu wa nyumba alikuwa amechomeka chake kwa nia njema: kitufe, spika za kumsomea maandishi kwa sauti, feni ndogo ya kupoza mashine, taa ya kusomea. Vyote vilikuwa vinanyonya umeme kupitia mdomo mmoja. Nilitoa taa. Ikatulia siku kadhaa. Onyo likarudi, nikatoa feni, nikaweka vijiti chini ya laptopu ipate hewa. Likarudi tena. Zilizobaki ni spika. Sauti ya spika zile ilikuwa ya Mzungu asiyejua Kiswahili, ilitamka jina langu kama jina la dawa, na Bi Rukia aliidharau. Hata hivyo ilikuwa sauti. Ilimwezesha kuniita nikiwa jikoni. Nilipomuuliza kama nizichomoe, alizitazama, kisha akaandika: CHOMOA. NIACHIE KITUFE. Tangu hapo nilikuwa siwezi kukaa mbali naye, kwa sababu ili usikie alichosema ilibidi uwepo na usome.

Asya alinipeleka mtaa wa Al Baraha, kwa fundi mmoja wa Tanga aliyekuwa na kibanda cha kioo ndani ya duka la simu. Aliitwa Hamisi, mpole, hakuuliza maswali ya kupoteza muda. Alimulika tundu kwa tochi, akalipuliza, akabadilisha waya wa kitufe. Alifungua mipangilio ya mashine na kuizuia isikate umeme wa USB ili kulinda betri. Alinionyesha namna ya kuizima kabisa, kuchomoa chaja, kubonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka umeme uliobaki uishe, ndipo niwashe tena. "Likikataa fanya hivyo," alisema. "Lakini dada, sikufichi. Hili tundu limeungua ndani. Linaweza kukaa, linaweza lisikae. Tafuta habu yenye adapta yake, inayochukua umeme ukutani, usiutegemee wa mashine. Mimi sina kwa sasa, nitaagiza. La maana zaidi, badilisheni mashine." Kwenye gari Asya alipiga simu Maskati, simu ikiwa kwenye spika. Said alisema ameshanunua laptopu mpya, ataileta mwenyewe na kuipanga mwenyewe, programu ile ina mambo yake, asiiguse mtu. "Wiki hizi kazi imebana. Nakuja, inshallah." Asya alikata simu, akaendesha mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema, labda kwangu, labda kwa usukani, "Anaogopa kumwona."

Joto lilipopungua, pumzi ya Bi Rukia nayo ilipungua. Ile barakoa ya kupumulia aliyokuwa akivaa usiku tu, sasa aliivaa na mchana. Aliandika kidogo. Katikati ya neno alipumzika, na mistari ya herufi ikaendelea kuwaka yenyewe ikimsubiri. Siku moja nilimuuliza kama anaogopa. Ilikuwa baada ya alasiri, Asya ameshuka dukani, nyumba kimya. Aliandika kwa muda mrefu mpaka chai yangu ikapoa: NAOGOPA KUWEPO NISIWEZE KUSEMA. Nilisoma mara mbili. Nikamshika mkono ule wenye kidole kilicho hai. Kwa miaka mingi nimejiuliza kama sentensi hiyo ni jibu la swali lililokuja baadaye. Siku nyingine naona ni jibu. Siku nyingine nakumbuka alivyokuwa akifuta neno mtu akilimalizia, hata akiwa amepatia, na naiacha.

Said alifika siku ya Ijumaa, akiwa ameendesha gari peke yake kutoka Oman. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kanzu yake imekunjamana kwa safari. Alimbusu mama yake mkono na paji la uso, akakaa pale pale kitandani, na macho ya Bi Rukia hayakumwacha. Laptopu mpya ilikuwa ndani ya boksi lake, aliiweka ukumbini juu ya zulia. "Tutaipanga jioni," alisema, "kwanza tumsikilize daktari." Daktari alikuwa mama wa Kisudani aliyekuwa akija nyumbani, mwenye sauti ya chini. Alivuta kiti akakaa usawa wa macho ya mgonjwa, na alizungumza naye kwa Kiarabu, si nasi. Alimwambia barakoa haitoshi tena. Alimwambia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutobolewa shingo, kuwekwa mpira na kupumuliwa na mashine maisha yake yote, huenda miaka. Ya pili ni kumwacha aende kwa dawa za kumtuliza asihisi kukosa pumzi. Asya alikuwa anatafsiri Kiarabu kile kwa Kiswahili ingawa mama yake alikielewa vizuri kuliko yeye. Daktari akasema, akimwita khala, mama mdogo, kwa heshima, "Nataka kusikia kutoka kwako mwenyewe, khala. Tuna wakati. Andika."

Nilisogeza meza ya magurudumu karibu, nikakaza mkanda wa kitufe. Mistari ikaanza kuwaka. S. I. Said alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, simu yake imeanza kulia kwa kuishiwa chaji, na bila kuondoa macho kwenye kioo alichukua waya wake mfukoni. T. A. Nilikuwa natazama kidole, si mikono ya Said. K. I. Akaweka nafasi. SITAKI, na nafasi, na mstari wa juu ukawaka tena kwa neno la pili. Kisha kile kisanduku kikatokea pembeni, na kila kitu kikasimama. Kidole chake kikabonyeza. Kikabonyeza. Hapo ndipo nilipouona waya mweupe ukitoka kwenye habu hadi kwenye simu. "Kaka Said," nilisema, "simu yako." Akaichomoa kana kwamba imemuunguza.

Nilifanya kila alichonifundisha Hamisi. Nilizima mashine, nikachomoa chaja na habu, nikashikilia kitufe cha kuwashia. Nilichomeka kitufe moja kwa moja kwenye tundu. Nikawasha. Mashine ile ya zamani ilijikongoja kuamka, nembo ikazunguka kwenye kioo cheusi, na nyuma yangu nikasikia Asya anasema, "Subiri Mama, inakuja, inakuja sasa hivi." Bi Rukia hakusubiri. Alikuwa anajaribu kusema kwa mdomo, jambo ambalo hakuwa amejaribu tangu nimjue, na barakoa ikateleza, na mlio wa mashine ya kupumulia ukabadilika. Midomo yake ikawa ya rangi ya majivu. Daktari alinyanyuka haraka, akatoa amri kwa Kiarabu, na Said akapiga simu ya gari la wagonjwa. Laptopu ilipoamka ilionyesha ukurasa mtupu, na tundu lilikuwa limekubali, mistari ya herufi inawaka mmoja mmoja. Yeye alikuwa ameshapoteza fahamu.

Yaliyotokea hospitalini niliyasikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha korido, begi la nguo zake mapajani. Kulikuwa na ubishi mfupi, wa sauti za chini, ulio mbaya kuliko kelele. Said alisema, "Alikuwa anasema sitaki kufa. Mtu akiulizwa swali lile, atasema nini kingine?" Asya akasema, "Alikuwa anasema sitaki mpira. Mimi ndiye ninayekaa naye, Said. Wewe unakuja na kuondoka." Said akamwambia, "Ukikosea wewe, amekufa. Nikikosea mimi, yuko hai tutamuuliza." Nilipoyapima maneno yale pale kwenye kiti, sikuona pa kuyapinga. Daktari alisubiri. Wakamtoboa shingo. Asya alitoka akakaa kando yangu, akachukua lile begi, akaanza kukunja upya nguo ambazo nilikuwa nimeshazikunja.

Bi Rukia alikaa hospitalini muda mrefu. Said alichukua likizo, akaipanga ile laptopu mpya kwa mikono yake. Hamisi alikuwa ameshapata habu yenye adapta yake, nikaichukua Al Baraha, tukaichomeka ukutani, na kila kitu kilifanya kazi bila onyo lolote: kitufe, spika, hata feni. Bi Rukia aliporudi nyumbani tulimlaza kwenye kitanda chake kando ya dirisha, mashine mpya ikivuta na kusukuma pumzi kwa ajili yake. Said alimfungia kitufe mwenyewe. Mistari ikawaka. Ikarudi mwanzo, ikawaka tena. Tulikuwa tunatazama kidole gumba. Hakikusogea. Said alilegeza mkanda, akaubana, akakisogeza kitufe juu, akakisogeza kando. Alibonyeza yeye, herufi ikatokea. Alikiweka tena chini ya kidole cha mama yake. Nilijua kidole nacho kimekwenda, na Asya alijua, na nadhani Bi Rukia alijua tangu hospitalini. Said aliendelea mpaka Asya akamshika bega akamwambia, "Khalas, Said. Basi." Akaenda kukaa ndani ya gari lake uani, madirisha yamefungwa. Kesho yake akarudi Maskati.

Yalibaki macho. Tulikubaliana akitazama juu ni ndiyo, akitazama kando ni hapana, na kwa mambo madogo alijibu: pazia, mto, joto, redio. Siku moja, mimi nikiwa nampaka mafuta miguuni, Asya aliingia akafunga mlango. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama," alisema, "siku ile. Ulikuwa unasema hutaki mpira?" Bi Rukia alimtazama mwanawe. Hakutazama juu wala kando. Alifumba macho. Asya alingoja, kisha akauliza kwa sauti iliyokatika, "Au ulisema hutaki kufa?" Macho hayakufumbuka. Mashine iliendelea kuvuta na kusukuma. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi ikaanza, na Asya akainuka akatoka, nikasikia bomba la jikoni likifunguliwa na kuachwa wazi. Ni baada ya yeye kutoka ndipo Bi Rukia alipofumbua macho. Yalikuwa makavu. Hayakunitafuta mimi, yalitazama dirisha. Asya hakuuliza tena. Said hakuuliza hata mara moja, na kila alipopiga simu alitaka kujua tarakimu za mashine.

Mkataba wangu uliisha pamoja na mwaka ule. Nilimuaga asubuhi, nikamwambia kila kitu nilichotaka kumwambia, na kwa mara ya kwanza sikujua kama kuna jibu lililokuwa linasubiri nyuma ya uso ule. Aliendelea kuishi baada ya mimi kuondoka. Nilipopata habari za kifo chake nilikuwa kwa mgonjwa mwingine, Dubai hii hii, nikaomba ruhusa ya kutoka nikanyimwa. Tangu hapo nimewaangalia wagonjwa wengi, na sasa ninawafundisha wasichana wanaokuja kufanya kazi hii. Nawaambia wamsubiri mgonjwa amalize. Hawanielewi. Wanadhani nazungumzia adabu.

Siku ya harusi Said alinikuta nje ya jiko, nyuma, kwenye sufuria kubwa za biriani. Ndevu zimekuwa nyeupe zote. Tulisalimiana, tukaulizana hali, tukamsifu bibi harusi. Kisha akabaki amesimama. "Dada Wakesho," alisema, "nataka nikuulize kitu, nawe uniambie kama kilivyo. Kama nisingechomeka ile simu, angemaliza?"

Nilimwambia tundu lilikuwa limeungua. Nilimwambia lilikata mara nyingi kabla hajafika, kwamba fundi alisema linaweza kukaa na linaweza lisikae, kwamba hata bila simu lingeweza kukata siku ile.

"Hayo Asya ameshaniambia," alisema. "Nakuuliza wewe uliyekuwa unakitazama kioo."

"Ulipoichomeka ndipo lilipokata," nilimwambia. "Kama lingekata lenyewe, sijui. Kweli sijui, kaka."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Ndani wanawake walipiga vigelegele, mtu akapita na sinia akisema yalla, yalla, haraka, wageni wanasubiri. Said alimpisha.

"Mimi kila asubuhi namalizia ile sentensi," alisema. "Siku moja hivi, siku nyingine vile." Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Alichukua sahani, akanipakulia mwenyewe, akanitafutia kiti, na akasimama kando yangu mpaka nikamaliza.